Kitambuzi cha Metali Ufukoni: Siku ya Kwanza ya Mwanagenzi

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Australia, watu wengi hutumia siku zao za mapumziko kutembea ufukoni wakiwa wameshika chombo kinachofanana na fimbo ndefu yenye sahani ya duara mwishoni. Chombo hicho ni kitambuzi cha metali. Kinapopitishwa juu ya kipande cha metali kilichofukiwa mchangani, hutoa mlio, na mwenye chombo huinama kuchimba. Makala haya yanamfuata mwanagenzi anayekitumia kwa mara ya kwanza katika ufuko wa Uingereza, nchi ambako mchezo huu umeenea sana na umewekewa sheria.

Shabaha ya makala si kumfundisha mwanafunzi kusaka hazina. Ufuko ni maabara pana ambamo kanuni nyingi za fizikia na jiografia za shule ya sekondari hukutana: umeme na sumaku, densiti, mawimbi, kujaa na kupwa kwa maji. Aidha, chombo hiki kinatoa funzo kubwa juu ya kazi ya sayansi. Kitambuzi hujibu swali moja tu: je, hapa pana metali? Maswali mengine yote, yaani kitu hicho ni nini, ni cha lini na kimefikaje hapo, hapana budi yajibiwe na binadamu. Na sehemu kubwa ya majibu hayo haimo ndani ya kitu chenyewe bali imo mahali kilipolala.

ASILI YA CHOMBO

Msingi wa kitambuzi uliwekwa mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzaa mkondo wa umeme katika waya ulio karibu. Miaka 50 baadaye kanuni hiyo ilijaribiwa katika tukio la huzuni. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi ilikwama wapi mwilini. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alitengeneza chombo cha koili kilichotoa sauti kinapokaribia metali, akakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa. Chombo kilisikika, lakini hakikuonyesha mahali pa risasi. Kitanda cha Rais kilikuwa na springi za chuma, na risasi yenyewe ilikuwa ndani zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Chombo cha Bell hakikusema uongo. Kilisema kwamba pana metali, na kweli ilikuwapo.

Katika Vita Kuu ya Pili, ofisa wa jeshi la Poland aitwaye Józef Kosacki, aliyekuwa Uskoti, alibuni kitambuzi cha kubebwa na askari mmoja kwa ajili ya kutafuta mabomu ya ardhini. Kilikuwa na uzito wa kilo zisizofika 14, na viasi vya 500 vilitumika katika mapigano ya El Alamein nchini Misri mwaka 1942. Baada ya vita vyombo vya namna hiyo viliingia mikononi mwa raia, na mchezo wa ufukoni ukaanza kukua.

Kasoro aliyokutana nayo Bell haijaondoka. Mahali palipojaa misumari na maganda ya risasi, kitambuzi humsimamisha mtafuta mabomu kila hatua. Ndiyo maana shirika la APOPO, lenye kituo cha mafunzo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hufundisha panya-buku kunusa baruti iliyomo ndani ya mabomu. Panya haoni shida na msumari wenye kutu, kwa kuwa hatafuti metali.

JINSI KINAVYOFANYA KAZI

Ndani ya sahani ya kitambuzi cha kawaida mna koili mbili za waya. Koili ya kwanza hupewa mkondo wa umeme unaogeuza mwelekeo mara elfu kadhaa kwa sekunde, na kwa hiyo huzungukwa na uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyohiyo. Uga huo hupenya mchanga. Ukikutana na kipande cha metali, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani ya kipande hicho, nayo huzunguka kama maji yanavyozunguka katika kizingia. Mikondo hiyo hutengeneza uga wake wenyewe wa sumaku, ulio dhaifu sana, ambao hurudi juu na kuigusa koili ya pili. Koili hii ya pili imepangwa kwa namna ambayo haisikii koili ya kwanza moja kwa moja. Kwa hiyo inaweza kusikia hata jibu hafifu kutoka chini.

Jibu la metali haliji papo hapo. Huchelewa kidogo nyuma ya uga ulioliamsha. Metali nene inayopitisha umeme vizuri, kama sarafu kubwa ya fedha, huchelewa zaidi. Kipande chembamba huchelewa kidogo. Chuma kina tabia ya peke yake, kwa kuwa licha ya kupitisha umeme hugeuka sumaku chenyewe na kuuongezea nguvu uga unaokipitia. Chombo hupima ucheleweshaji huo na kuutafsiri kwa sauti: mara nyingi sauti nene kwa chuma, na sauti nyembamba kwa shaba na fedha.

Hapa mwanagenzi hupaswa kuwa na tahadhari. Ucheleweshaji hautegemei aina ya metali peke yake, bali hutegemea pia ukubwa, unene na umbo la kitu. Pete ndogo ya dhahabu na kishikio cha alumini cha kufungulia kopo la soda huweza kutoa sauti moja. Anayekiamuru chombo chake kinyamazie alumini huenda pia ananyamazia dhahabu.

KINA KINA MPAKA

Watu wengi hudhani kwamba kitambuzi huona mbali chini ya ardhi. Kwa sarafu ya kawaida, vitambuzi vingi hufikia sentimeta 20 hadi 30 tu, na sababu yake ni hesabu.

Tukichukua kitu kidogo kilicho mbali kuliko nusu ya kipenyo cha koili, nguvu ya uga wa sumaku hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Jibu linalorudi nalo hupungua kwa kipeo cha tatu. Kwa jumla, jibu hupungua kwa kipeo cha sita. Umbali ukiongezeka mara 2, jibu hudhoofika mara 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 64. Umbali ukiongezeka mara 3, jibu hudhoofika mara 729. Kwa hiyo mtu anayeinua sahani yake sentimeta 10 juu ya mchanga kwa uvivu wa mkono hupoteza vitu vingi kuliko anavyodhani. Sahani yapasa ipite sambamba na mchanga, sentimeta 2 au 3 tu juu yake, bila kuinuliwa kila upande kama bembea.

KABLA YA KWENDA

Maandalizi ya kwanza ni ruhusa. Nchini Uingereza kila ufuko una mwenyewe. Karibu nusu ya eneo linalofunikwa na kufunuliwa na maji limo chini ya shirika linalosimamia mali ya Taji, ambalo huruhusu mchezo huu kwa masharti. Sehemu nyingine ni mali ya halmashauri za miji, mashirika au watu binafsi. Kutumia kitambuzi mahali palipolindwa kama kumbukumbu ya kale bila kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 1979.

Maandalizi ya pili ni jedwali la maji. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa majina yake: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari katika mstari mmoja, na huwa bamvua, katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana na kufunua mchanga ambao siku nyingine haufikiki. Basi mwanagenzi huchagua siku ya bamvua, hufika saa 2 hivi kabla ya maji kupwa kabisa, huyafuata maji yanavyoteremka, na hugeuka yanapogeuka.

Kugeuka huko si jambo la hiari. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kwa makadirio ya mabaharia, tofauti kati ya kupwa na kujaa hugawanywa katika mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu 3, saa ya nne 3, saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Katika Mlango wa Bristol, magharibi ya Uingereza, tofauti hiyo huweza kuzidi mita 12. Mahali pa namna hiyo maji hupanda kama mita 3 katika saa moja ya kati. Mtu aliyeinamia shimo huku amefunika masikio kwa visikilizio anaweza kuzungukwa na maji kabla hajainua kichwa. Kwa hiyo mwanagenzi hafuatani na kitambuzi peke yake; huwa na mwenzake, na huwa na saa.

Vifaa vingine ni vichache: upawa mkubwa wenye matundu wa kuchekechea mchanga, glavu kwa sababu ya vioo na sindano, mfuko wa takataka, futi kamba, penseli na daftari.

SAA YA KWANZA UFUKONI

Ufuko una sehemu mbili. Juu ya alama ya maji makuu mchanga ni mkavu. Chini yake ni mbichi na umejaa chumvi. Mwanagenzi huanza juu. Mchanga mkavu haupitishi umeme, kwa hiyo chombo hutulia, na anapata nafasi ya kuyazoea masikio yake.

Hupima eneo dogo, tuseme mita 10 kwa mita 10, na hulitembea kwa mistari. Uga wa sahani hupungua upana kadiri unavyoshuka, hivyo kila mpito hufunika nusu ya mpito uliotangulia. Kwa sahani yenye kipenyo cha sentimeta 25, husogea mbele kama sentimeta 12.5 kwa kila mpito. Ikiwa kila mpito una upana wa mita 1.5, eneo hilo lahitaji mistari 7 yenye mipito 80, yaani mipito 560. Kwa sekunde 2 kila mpito, kazi hiyo huchukua karibu dakika 19 bila kuchimba hata mara moja. Wengi wa wanagenzi hukimbia ufuko mzima kwa muda huohuo na kurudi mikono mitupu.

Mlio wa kwanza unaposikika, hupitisha sahani kwa njia ya msalaba, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka mbele kwenda nyuma. Pale mistari miwili inapokatana ndipo kitu kilipo. Huchota mchanga, huupitishia sahani tena, na huendelea mpaka kitu kionekane.

Vitu vya saa ya kwanza karibu sikuzote ni vilevile: vizibo vya chupa, jaribosi la pakiti ya sigara, vishikio vya makopo, pini za nywele, na sarafu chache zilizodondoka mifukoni mwa waogeleaji. Hata sarafu hizo zina somo. Peni 1 na peni 2 za Uingereza zilikuwa za shaba nyeusi hadi mwaka 1992. Tangu hapo hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichopakwa shaba. Machoni hufanana, lakini sumaku huvuta zile mpya na kuziacha za zamani, na kitambuzi nacho huzitofautisha kwa sauti.

CHUMVI NA MCHANGA MWEUSI

Mwanagenzi anapoteremka kwenye mchanga mbichi, chombo huanza kulialia pasipo na kitu. Sababu ni maji ya bahari. Kila kilo moja ya maji hayo ina chumvi ya gramu 35 hivi, na chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme. Shaba huyapita maji ya bahari kwa kupitisha umeme zaidi ya mara milioni 10, lakini sarafu ni ndogo na mchanga wenye maji ni mwingi mno. Hivyo sauti ya bahari huifunika sauti ya sarafu. Dawa ya kwanza ni kukirekebisha chombo kwa kukipandisha na kukishusha juu ya mchanga usio na metali mpaka kinyamaze.

Dawa ya pili ni kutumia kitambuzi cha aina nyingine, ambacho hutuma uga kwa mapigo mafupi na kusikiliza katikati ya mapigo. Pigo linapokatika, mikondo iliyozaliwa katika maji ya chumvi hufa upesi mno, lakini ile iliyozaliwa katika metali hudumu kitambo kidogo zaidi. Chombo hungoja bahari inyamaze, ndipo kinaposikiliza. Faida hiyo ina gharama yake: aina hii hushindwa kwa kawaida kutenganisha chuma na metali nyingine, na mwenye kuitumia hulazimika kuchimba kila mlio.

Mistari ya mchanga mweusi nayo hupotosha, kwa kuwa mara nyingi ina chembe za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku.

BAHARI HUCHAMBUA

Baada ya muda, mwanagenzi mwenye daftari huanza kuona mpango. Vishikio vya alumini hupatikana kila mahali. Chubwi za risasi za wavuvi hupatikana kwa makundi, mahali pamoja na sarafu nzito. Jambo hili si bahati, ni densiti.

Densiti ya mchanga wa kwazi ni gramu 2.65 kwa sentimeta moja ya ujazo. Alumini ni 2.7, karibu sawa na mchanga. Chuma ni 7.9, shaba 8.9, fedha 10.5, risasi 11.3, na dhahabu ya karati 18 ni karibu 15. Wimbi linapotikisa mchanga na kuujaza maji, chembe huachana kwa muda mfupi. Alumini husafiri pamoja na mchanga, bali risasi na dhahabu huzama. Huendelea kuzama kila dhoruba mpaka zifike kwenye tabaka gumu la udongo au kokoto, na hapo hukaa. Kwa hiyo mtu anayechimba chubwi 3 au 4 mahali pamoja amejifunza jambo la maana kuliko chubwi zenyewe: amepata mahali ambapo bahari hukusanya vitu vizito. Lakini hawezi kulijua hilo asipoandika kila kitu kilipatikana wapi na kwa kina gani, pamoja na takataka.

KUCHIMBA NA KUANDIKA

Kwa kila kitu mwanagenzi huandika mambo matano: namba ya kitu, mahali, kwa kupima kutoka alama mbili zisizohama, kina, aina ya mchanga au udongo uliokizunguka, na vitu vingine vilivyokuwa karibu. Kisha huufukia mchanga ili mtoto asivunjike mguu, na takataka huziweka mfukoni. Kitu chenye kutu hakisuguliwi, kwa sababu ganda la kutu huweza kuwa na maandishi au nyuzi za nguo zilizogandamana nalo.

Akikuta kitu kinachofanana na bomu, hakigusi. Huweka alama kwa mbali, huondoka, na huwaita polisi au walinzi wa pwani. Mabomu ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 bado huibuliwa na mawimbi katika fuko za Uingereza.

Sheria nayo ina neno juu ya kilichopatikana. Pete ya jana ina mwenyewe, na hupelekwa polisi. Kitu kilichotoka katika meli iliyozama huarifiwa kwa ofisa wa mali za meli katika siku 28. Hazina ya kale, kwa maana iliyotolewa na sheria ya mwaka 1996, huarifiwa kwa ofisa wa serikali katika siku 14. Vitu vya kale visivyokuwa hazina huweza kuandikishwa kwa hiari katika mpango ulioanza mwaka 1997, ambao hadi sasa umekusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni 1.5. Kwa ramani za kumbukumbu hizo wataalamu wamegundua masoko na makazi yasiyotajwa katika kitabu chochote. Kilichowawezesha ni mahali palipoandikwa.

SARAFU TISA ZA MARCHINBAR

Thamani ya mahali inaonekana wazi zaidi katika mkasa mmoja unaoihusu pwani ya Waswahili. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliwekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Siku moja, akiwa anavua samaki katika kisiwa cha Marchinbar, aliona sarafu mchangani. Hakuwa na kitambuzi, macho yalitosha. Akaziokota 9, akaziweka katika kopo, na baadaye akatia alama ya mahali hapo katika ramani. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu. Sarafu 4 zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi ya Mashariki. Sarafu 5 zilikuwa za shaba, za Masultani wa Kilwa.

Zilifikaje huko, maelfu ya kilomita kuvuka bahari? Wako wanaosema zilipitia biashara ya visiwa vya Indonesia. Wako wanaofikiri zilitoka katika meli iliyovunjika. Wako wanaodhani zilidondoshwa na mtu wa karne za karibu. Mwaka 2013 kikundi cha wataalamu kilikwenda kisiwani kutafuta majibu, na swali halijafungwa hata leo. Alama katika ramani iliwasaidia kujua pa kuanzia. Lakini hakuna aliyeandika kina cha sarafu, wala kama zile za Kilwa na zile za Kiholanzi zililala katika tabaka moja au mbalimbali. Kama zililala pamoja, huenda zilifika pamoja. Jambo hilo lingeandikwa kwa mistari miwili ya penseli mwaka 1944. Sasa haliwezi kununuliwa kwa fedha yoyote.

Hasara hiyo ni kubwa hasa kwa sarafu za Kilwa, kwa kuwa hazikuandikwa mwaka. Zina jina la sultani, basi. Sultani al-Hasan bin Sulaiman anawekwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa sababu Ibn Battuta alimtembelea Kilwa mwaka 1331 na kumtaja. Kwa masultani wasiotajwa na msafiri yeyote, njia iliyo imara ni kuangalia tabaka la udongo ambamo sarafu zao zimelala, na vigae vya vyombo vilivyo pamoja nazo. Ndivyo alivyofanya Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960.

Mfano wa upande wa pili ni Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua huko zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, nyingi zikiwa ndogo sana na zisizo na mwaka. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali, zenye miaka. Kwa kuwa zilifukuliwa pamoja na kuandikwa pamoja, dinari zilizitolea ushahidi sarafu za fedha, na ikajulikana kwamba akiba ile ilifukiwa baada ya katikati ya karne ya 11. Lau mpita njia angaliondoa dhahabu kwanza na kuiuza, sarafu za fedha zingalibaki bubu.

SHERIA KATIKA AFRIKA MASHARIKI

Mwanafunzi asidhani kwamba yanayoruhusiwa katika ufuko wa Uingereza yanaruhusiwa kila mahali. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ambayo hulinda vitu vyote vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuchimba kwa shabaha ya kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni, na anayevikuta kwa bahati hupaswa kutoa habari. Zanzibar ina sheria yake, na Kenya inayo sheria ya mwaka 2006. Pwani kutoka Lamu hadi Kilwa imejaa miji ya kale ambayo bahari inaila kidogo kidogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Anayeona sarafu au kigae kimeibuliwa na maji mahali kama hapo, aandike mahali, akichore kilivyolala, akiache, kisha awaarifu viongozi wa kijiji, makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Mikondo ndani ya metali. Chukua sumaku yenye nguvu na sinia nene la alumini. Hakikisha kwanza kwamba sumaku haivuti sinia. Liinamishe sinia, kisha iteleze sumaku juu yake. Rudia juu ya ubao laini ulioinamishwa vivyo hivyo. Linganisha mwendo.

2. Uchambuzi wa bahari. Jaza beseni mchanga na maji ya kuufunika. Weka juu chubwi ya risasi, sarafu na kipande cha kopo la alumini. Gonga ubavu wa beseni mara 200, kisha mwaga maji na upime kina cha kila kitu. Osha mikono baada ya kushika risasi.

3. Thamani ya tabaka. Mwalimu apange katika masanduku mawili, kwa mpango uleule, tabaka tatu za udongo wa rangi mbalimbali zenye vitu ndani yake. Kikundi cha kwanza kitoe vitu haraka bila kuandika. Kikundi cha pili kipime na kuchora. Kisha kila kikundi kiulizwe ni kitu gani kiliwekwa kwanza, na vipi viliwekwa pamoja.

MASWALI

1. Jibu la sarafu iliyo umbali wa sentimeta 15 litadhoofika mara ngapi ikiwa umbali utakuwa sentimeta 30? Eleza hesabu yako.

2. Kwa nini kitambuzi hutoa mlio juu ya mchanga mbichi wa bahari, lakini hutulia juu ya mchanga mkavu?

3. Tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Kwa kutumia mafungu 12, maji yatakuwa yamepanda kiasi gani baada ya saa 3?

4. Mtu amekuta pete, jaribosi na chubwi katika ufuko mmoja. Ni kipi kati ya vitu hivyo ambacho yaelekea kimesafiri mbali zaidi kutoka kilipodondoka? Toa sababu.

5. Jadilini: kama Isenberg angaliziacha sarafu Marchinbar bila kuziokota, sayansi ingalipata faida au hasara? Toeni hoja za pande zote mbili.